Jiwe jeupe la Mto Sabaki: ni almasi au ni kwatzi?

Swali (Malindi)
Assalaam aleikum. Maji yalipokupwa juzi niliokota jiwe jeupe, kubwa kama yai la njiwa, karibu na mlango wa Mto Sabaki. Kijana mmoja alilikwaruza juu ya chupa, likaacha mfuo, akaniapia kuwa ni almasi kwa kuwa hakuna kingine kikatacho kioo. Je, ni kweli?

Jibu (Malindi)
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kijana ameona vyema lakini amehukumu vibaya, kwani chochote kilicho kigumu kuliko kioo hukikwaruza, na katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, kioo hukaribia 5.5, kwatzi, ambayo ni madini magumu ya kawaida, ni 7 na almasi ni 10. Ufute mfuo huo kwa kidole kilicholowa: ukitoka, ulikuwa unga wa jiwe lenyewe, ukibaki hata ukucha ukanasa, kioo kimekatika. Kisha tazama palipovunjika. Kwatzi huvunjika kwa mibonyeo ya mviringo kama tumbo la kombe, ilhali kalisaiti, madini ya jamii ya chokaa ambayo huwadanganya wengi, hupasuka kwa nyuso bapa zilizokaa mshazari.

Jibu (Shela, Lamu)
Mimi ni fundi wa kuta, na njia yangu ni ndimu. Paruza jiwe upate unga kidogo, kisha ulidondoshee maji ya ndimu: kalisaiti, ambayo ni ya jamii moja na chokaa yetu ya matumbawe, hutoa vipovu, na kwatzi hunyamaza. Niliwahi kuhifadhi kokoto kama hiyo miezi mitatu, kumbe ni kipande cha kombe kilichosuguliwa na mawimbi.

Muulizaji
Mfuo haukufutika, na ndimu haikutoa povu lolote. Lakini mbona mawe haya ni mengi hivi?

Jibu (Malindi)
Basi kwa wingi huo ni kwatzi, si almasi, na weupe wake wa maziwa hutokana na vitone vidogo mno vya maji na gesi vilivyonaswa ndani. Mto huo, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, hupita katika miamba mikongwe ya Ukambani na Tsavo. Felspa, madini mengine yaliyomo katika miamba hiyo, huoza ikawa udongo wa mfinyanzi, lakini kwatzi, ambayo ni silika tupu (mchanganyiko wa silikoni na oksijeni), haiozi kwa wepesi, hivyo husafiri mpaka baharini. Zile chembe zinazometameta mchangani kama dhahabu ni madini ya ulanga (maika), nazo ukizibana kwa kucha huachana tabaka tabaka. Asije kijana huyo akakuuzia.