Viwanja vya Bagamoyo: kabla hujatuma hela

Kutoka: dada wa Leeds

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Kuna dalali ananipigia karibu kila siku kuhusu kiwanja cha mita 20 kwa 30 maeneo ya Zinga, Bagamoyo. Anasema ule mradi wa bandari ya Bagamoyo unarudi, bei itapaa, nimtumie nusu ya bei wiki hii. Mume wangu anataka tuchangamkie, mimi moyo unasita. Kuna aliyewahi kununua huko?

Kutoka: kaka wa Reading

Marahaba mdogo wangu. Usitume hata senti wiki hii.

Mimi nilinunua mwaka 2014. Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China alikuja Dar es Salaam, na makubaliano ya awali ya bandari yakasainiwa. Zikatajwa dola bilioni 10, ikatajwa kampuni ya China Merchants na mfuko wa serikali ya Oman, yakatajwa makontena milioni 20 kwa mwaka, wakati bandari ya Dar es Salaam yenyewe ilikuwa haijafika hata milioni moja. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama nijiulize. Sikujiuliza. Mashamba ya minazi na mikorosho yalikatwa viwanja, na kila aliyeuza aliuza kwa bei ya bandari ambayo haijajengwa. Niliowafahamu hawakuwa na nia ya kujenga. Tulikuwa tunamsubiri mnunuzi mwingine aje atoe zaidi, naye amsubiri wa kwake.

Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi pale Mbegani. Mwanzoni mwa 2016 mradi ukasimamishwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli akaeleza hadharani kwa nini ameukataa: masharti ya wawekezaji, waliotaka dhamana ya miaka 33 na kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Nilihangaika kutafuta mteja, nikashusha bei hadi nusu, hakutokea mtu. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa, na haikupita wiki madalali wakaanza kunitafuta tena, safari hii ninunue cha pili.

Lakini bei sicho kilichoniumiza zaidi. Dalali wangu alikuwa amenitumia picha ya bikoni ya zege, ile alama ya mpaka wa kiwanja, namba yake imeandikwa kwa rangi nyekundu, pembeni mkorosho ulioinama. Nilipoenda likizo 2017 niliukuta mkorosho, nikaikuta na bikoni, na hatua chache kutoka hapo msingi wa nyumba wa mama mmoja. Alinikaribisha kivulini, akaenda kuleta karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni. Tukazitandika chini, zake na zangu. Mhuri uleule wa kijiji, ukubwa uleule wa kiwanja, tarehe zimepishana miezi mitatu. Yeye alikuwa anaishi pale na watoto. Mimi nikakunja karatasi zangu nikaondoka, na sijadai tena.

Kwa hiyo mwulize dalali swali moja: kiwanja kimepimwa? Kama kimepimwa, akupe namba ya kiwanja na kitalu, mwanasheria wako (si wake) akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani aangalie kwenye daftari mmiliki ni nani. Kama bado ni ardhi ya kijiji, mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukugawia. Ni lazima ipite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Uliza pia wilayani kama kiko ndani ya eneo la mradi, kama ilivyo vijiji vya Pande na Mlingotini. Ardhi ikitwaliwa unalipwa fidia kwa tathmini ya mthamini, si kwa bei aliyokutajia dalali.

Na hili wengi tunaliogopa kulisema: Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikuruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na uraia pacha hatuna. Kama mmoja wenu ameshachukua pasi ya Uingereza, ulizieni kwanza habari za hadhi maalum, ile ya Watanzania waliochukua uraia wa nje. Msiandikishe kwa jina la ndugu mkidhani ni njia ya mkato. Nimeona koo mbili zimeacha kuzikana kwa sababu hiyo.

Kutoka: mama wa Milton Keynes

Naungana na kaka, ila jamani tusiwatishe vijana wakaacha kununua kabisa. Mimi nilichukua kiwanja kilichopimwa na halmashauri, nikalipa benki kwa namba ya malipo ya serikali, hati ikatoka kwa jina langu. Ilichukua muda mrefu na nililia sana kwenye simu. Sasa hivi mama yangu analala kwenye nyumba yake.

Kutoka: dada wa Leeds

Ahsanteni sana. Mume wangu alikula kiapo cha uraia wa hapa mwaka jana, wala hatukuwahi kuliwaza hilo. Jana nilimwomba dalali namba ya kiwanja, akasema iko kwa bosi wake, nilipe kwanza. Nimemwambia sitalipa. Binamu yangu yuko Kibaha, Jumamosi ataenda Zinga aongee na majirani wa hapo, na Jumatatu aingie ofisi ya ardhi ya wilaya. Nitawaandikia atakachokikuta.