Tupeane uzoefu: shule shikizi zirudishwe shule mama au zibaki?

Wadau, habari za jioni. Kitongojini kwetu, huku Singida, tumeambiwa shule yetu shikizi (tawi dogo la karibu, la watoto wadogo) huenda ikaunganishwa na shule mama (shule kamili inayoisimamia), kilomita 6. Watoto 83, awali hadi la tatu. Walimu wawili, mmoja wa kujitolea, tunamchangia mahindi. Mliopitia haya, ilikuwaje?

Mama Wawili: Wa kwangu alihamishwa akiwa la pili. Huku Kilosa, korongo kiangazi unavuka na ndala, masika halivukiki. Nilikuwa namvusha mgongoni, viatu vyake kwenye rambo. Mwezi wa tatu mzima alienda siku tisa, nilizitia alama kwenye kalenda ya ukutani. Shuleni wakamwandika mtoro. Mtoro wa miaka minane!

Chaki Moja: Poleni, ila mimi nimefundisha shikizi miaka minne, acha niseme. La kwanza na la pili chumba kimoja. Ubao niliupiga mstari katikati: kushoto ba be bi bo bu, kulia hesabu za kutoa. Nikiuliza upande wa kulia, napata "bo!" Mwenzangu akiugua, nakimbia mlango hadi mlango. Na ruzuku inakuja kwa vichwa, watoto wachache, hela ya chaki haifiki mwisho wa mwezi. Nikahamishiwa shule mama nikidhani nimepona. La kwanza wako 140, mkondo mmoja.

Mzee wa Kata: Zile fedha za kupambana na Uviko (korona) za 2021 zilijenga madarasa 15,000, na 3,000 yalikuwa ya shikizi. Leo yafungwe? Mmeona barua?

Mwanzisha mada: Barua hatujaona, ni mdomo wa mtendaji.

Mzee wa Kata: Basi bado.

Jembe Halimtupi: Kwetu wadogo walibaki, kuanzia la nne ndiyo wakaenda shule mama, maana huko kuna upimaji wa kitaifa na walimu wa kutosha kidogo. Mwanzoni tuligoma, tulisomba mawe ya msingi wenyewe, nani atakubali yawe zizi la mbuzi? Baadaye tukaona mtoto wa miaka kumi anaitembea hiyo njia, wa miaka sita haiwezi. Tuliandika muhtasari, tukasaini wote, ukapelekwa kwa afisa elimu kata.

Mwanzisha mada: Asanteni, kikao ni Jumamosi. Mama Wawili, ile kalenda bado unayo? Ipige picha unitumie.