Naomba ushauri: shelfu imeng'oka, ukuta unamwaga mchanga

Wakuu habari za leo. Nimepanga Tabata, nyumba ya matofali ya saruji ya inchi 5 yaliyopigwa lipu. Jumamosi usiku shelfu ya vyombo iling'oka ukutani, sufuria zote chini. Mwanangu wa miaka 3 alikuwa ametoka pale muda si mrefu. Hadi sasa nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Fundi alitumia skrubu fupi na fisha (kile kiplastiki kinachoingia kwenye tundu kushika skrubu) namba 6. Nilipochungulia lile tundu nikaona fisha iliishia kwenye lipu tu, tofali haikuligusa. Na lipu yenyewe ukiikuna kwa kucha inamwagika kama chumvi, nadhani saruji ilibaniwa. Tundu limepanuka, kidole gumba kinaingia.

Nataka kuirudisha, na kuna runinga ya inchi 43 nayo inasubiri. Jirani kanishauri fisha namba 10 na skrubu ndefu, ziingie ndani ya tofali lenyewe angalau sentimita 5. Mwingine anasema bolti za kutanuka, lakini naogopa zitapasua tofali, maana haya ya kufyatua mtaani mnayajua.

Wenye uzoefu, kipi kinashika kweli? Tundu la zamani nilizibe kwa saruji nisubiri, au nisogee pembeni nitoboe upya? Halafu karibu na hapo kuna soketi na waya umepita ndani ya ukuta, nauepukaje?

Mwenye nyumba kakubali nitoboe, ila mara moja tu.