Mradi wa uji shuleni umeisha, tutafute mfadhili mwingine au?

Mjumbe_Kilolo
Wakuu habari za leo. Niko kamati ya shule ya msingi huku Kilolo, Iringa, kuna shirika lilikuwa linatuletea unga wa uji na maharage, mradi umeisha na masufuria wamebeba. Sasa watoto wa la kwanza na la pili wanatoka kwao tumbo tupu, baridi lote hili, wanapanda na kushuka milima, ikifika saa nne wamelala juu ya madawati. Kikao cha wazazi wengi wanasema elimu bure, chakula ni cha serikali. Tufanyeje?

Mwl_Mbalizi
Mkuu hilo la elimu bure linachanganya wengi. Kilichofutwa kuanzia Januari 2016 ni ada na ile michango ya lazima, waraka wa elimu namba 3 wa 2016 ulisema chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni cha mzazi. Ila usiwasomee waraka watachukia. Peleka ajenda mkutano mkuu wa kijiji mara tu watu wakishavuna, mwezi wa saba hivi, kila mzazi debe la mahindi na sado ya maharage. Ukisubiri mwezi wa pili nani ana mahindi ndani? Na mzazi asiyeleta, mtoto wake anakula vilevile, tafadhali sana, mtoto asitolewe kwenye foleni kwa deni la baba yake, nimeona ikifanyika inauma mno.

Nesi Njombe
Inaniumiza kwakweli, hii mikoa yetu ndo inalisha nchi alafu utafiti wa 2022 ulikuta udumavu Iringa karibu 57% na Njombe karibu 50% kwa watoto chini ya miaka 5, taifa zima ni 30%. Uji wa shule haurudishi kimo, udumavu unaanza tumboni mpaka miaka miwili, ila unamshika mtoto darasani asikie mwalimu anasema nini. Dona jamani sio sembe, na muweke karanga au soya.

Kyela_kwetu
Hapo Malawi Mary's Meals wako tangu 2002, shirika linaleta unga lakini wanaopika ni wazazi wenyewe kwa zamu. Mkipata mfadhili msimwombe unga, unga unaliwa unaisha, muombeni jiko linalokula kuni kidogo, tenki la maji na sufuria ziandikwe mali ya shule toka siku ya kwanza. Hela nyingine iwalipie debe watoto wanaolelewa na bibi, wale ndo wa kusaidiwa hasa.

Mjumbe_Kilolo
Asanteni sana, hilo la sufuria naliweka kwenye muhtasari. Mwalimu, mahindi mnatunzaje? Stoo yetu dumuzi wanamaliza.

Mwl_Mbalizi
Mifuko ile isiyopitisha hewa mkuu, hupigi dawa kabisa. Yakauke vizuri kwanza, ufunge kila mfuko kivyake, na ufunguo wa stoo akae nao mzazi sio mwalimu, maneno yanapungua.