Familia ya watu watano, pointi za safari: kuna faida ya kweli au ni kujichosha?

MamaWatatu_Ohio
Habari zenu ndugu. Naomba hesabu, matangazo ya benki nimeyasoma yakatosha. Tuko Ohio, watu wazima wawili na watoto watatu: wa miaka 9, wa miaka 6, na mdogo anayetimiza miaka 2 mwezi wa saba. Tunataka kwenda Dar es Salaam likizo ya shule, kuondoka Juni na kurudi Agosti, na baada ya hapo kila miaka miwili hivi. Matumizi yanayoweza kupita kwenye kadi (chakula, petroli, bima ya gari, simu, malezi ya mtoto) ni kama dola 2,000 kwa mwezi. Hatuna deni la kadi. Kila mtu anasema "kusanyeni pointi mruke bure". Je, kwa familia kubwa hivi inawezekana, au nichukue kadi inayorudisha asilimia 2 taslimu nipumzike?

HesabuKwanza
Dada, bure kwa watu watano haipo. Kinachowezekana ni kupunguza gharama, na upunguzaji mkubwa unatoka kwenye bonasi ya kujiunga. Matumizi ya kila siku huongeza kidogo tu.

Chukua kadi ya Capital One Venture kama mfano kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Ada ni dola 95 kwa mwaka, unapata maili 2 (ndizo pointi zake) kwa kila dola, na bonasi yake ya kawaida imekuwa maili 75,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Kwa dola 24,000 zenu za mwaka:

Mwaka wa kwanza: 48,000 za matumizi + 75,000 za bonasi = 123,000. Ukizitumia kufuta gharama ya tiketi kwa senti 1 kila maili, ni dola 1,230. Toa ada, zinabaki 1,135.

Mwaka wa pili: maili 48,000 tu, yaani dola 480. Toa ada, 385.

Kadi isiyo na ada inayorudisha asilimia 2 ingewapa dola 480 mwaka huo wa pili bila kuwaza chochote. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa pili, Venture inaishinda tu kama kila maili unaitumia kwa thamani ya senti 1.2 au zaidi (480 + 95, gawanya kwa 48,000). Watu wengi hawafiki hapo, na wanaendelea kulipa ada kwa mazoea.

Ninavyoona mimi: chukueni bonasi, mmoja kwanza kisha mwenzake baada ya miezi minne au mitano, ili dola 4,000 za kila mmoja zitoke kwenye matumizi yenu ya kawaida. Wote wawili mkipata bonasi mna maili kama 198,000 mwaka wa kwanza. Ada ya pili ikikaribia, amueni upya.

Na hapa familia ndipo inapoumia. Tuseme umepata tiketi ya pointi 45,000 kwenda na 45,000 kurudi. Kwa watu watano ni 450,000, na nyie mna 198,000. Hizo zinabeba wawili. Watatu waliobaki mnalipa taslimu. Mwenye familia ya wawili anasema ameruka "bure" na hadanganyi, ila ushauri wake haukufai.

Rubani_wa_Karatasi
Nakubaliana na HesabuKwanza, ila kufuta gharama kwa senti 1 ni sakafu, si dari. Kabla ya kuhamisha pointi za kadi kwenda shirika lolote la ndege, piga hesabu hii kwa kila tiketi: bei taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa kwenye tiketi ya pointi, gawanya kwa idadi ya pointi.

Tiketi ya dola 1,400, tozo 150, pointi 90,000 kwenda na kurudi: 1,250 / 90,000 = senti 1.39. Inafaa.
Tiketi ileile, lakini kodi pamoja na tozo ya mafuta ya shirika zinafika 600: 800 / 90,000 = senti 0.89. Acha, lipa taslimu ufute kwa maili.
Msimu wa juu, tiketi ya 2,200, tozo 150: senti 2.28. Safi kabisa, ukiikuta. Juni na Desemba viti vya bei hiyo ya pointi huwa vichache sana.

Ndiyo maana mradi wa pointi ambao tozo zake hazijumuishi ile ya mafuta una thamani kuliko unavyodhani. Aeroplan ya Air Canada haiongezi tozo hiyo. Unalipa kodi halisi na ada ya dola 39 za Kanada unapokata tiketi ya shirika mshirika wake. Na Ethiopian iko Star Alliance, muungano mmoja na Air Canada, kwa hiyo njia ya Addis Ababa hadi Dar unaweza kuitafuta humo. Venture inahamisha kwenda Aeroplan, maili moja kwa pointi moja.

Sasa jambo ambalo familia nyingi hukosea: pointi ziende kwa watu wazima kwanza, na watoto walipiwe taslimu pale wanapoweza kuwa tiketi moja na mzazi. Kwenye tiketi taslimu mashirika mengi yanayokwenda Afrika Mashariki hupunguzia mtoto wa miaka 2 hadi 11. Kwenye tiketi ya pointi, miradi mingi humtoza mtoto pointi kamili kama baba yake. Ukimpandisha mtoto kwa pointi umetumia pointi zilezile kuokoa pesa kidogo zaidi. Flying Blue ya Air France na KLM ni tofauti: mtoto wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa asilimia 25 ya maili kwenye ndege zao. Kwa hiyo mkipita Amsterdam kwa KLM, pigeni hesabu upya.

Halafu huyo mdogo. Akitimiza miaka 2 kabla ya safari ya kurudi, hawezi kurudi kama mtoto wa kupakatwa. Anahitaji kiti chake. Kwa tarehe zako anakwenda akiwa amepakatwa na kurudi na kiti. Usikate kwanza ukadhani utarekebisha uwanjani. Piga simu kwa shirika uulize bei ya njia zote mbili kabla, maana mara nyingine kumnunulia kiti cha mtoto kwenda na kurudi ni nafuu kuliko kuchanganya.

MamaWatatu_Ohio
Asanteni sana, hilo la mdogo sikulijua kabisa. Maswali mawili. Nikitafuta viti vya watu watano kwa pointi naambiwa hakuna, nikitafuta cha mtu mmoja kipo. Na la pili, mume wangu anatuma pesa nyumbani kila mwezi. Tunaweza kuzipitisha kwenye kadi ili tufikie zile 4,000 haraka?

Rubani_wa_Karatasi
La kwanza: mtandao unatafuta kundi la bei linaloweza kuwatosha wote pamoja. Kama kuna viti 2 vya bei ya chini na wewe unataka 5, utaoneshwa bei ya juu kwa wote au hutaoneshwa kitu. Tafuta cha mtu 1, kisha 2, kisha 3, uone bei inaruka wapi. Hiyo ndiyo idadi ya viti vya bei nafuu. Hata kwa taslimu mchezo ni huohuo.

Ukigawa familia, hakikisha kila tiketi ina mtu mzima: wewe na mdogo tiketi moja, baba na wakubwa wawili nyingine. Ukishakata, piga simu uombe namba zote mbili za tiketi ziunganishwe kwenye kumbukumbu zao. Kuunganishwa hakuwafanyi kuwa tiketi moja. Ndege ikifutwa, mfumo unaweza kuwapeleka siku tofauti, kwa hiyo mkifika kaunta sema mko pamoja kabla hawajaanza kuwapangia upya. Na usigawe njia yenyewe (Marekani hadi Ulaya tiketi moja, Ulaya hadi Dar nyingine) ukiwa na watoto watatu na mabegi kumi. Ukichelewa ndege ya pili, shirika lake halina wajibu nawe.

HesabuKwanza
La pili nijibu mimi, maana linaunguza watu. Usitume pesa kwa kadi ya mkopo. Benki nyingi huhesabu kama umetoa fedha taslimu: ada mara nyingi asilimia 5, riba inaanza siku hiyohiyo bila siku za neema, na pointi hupati. Ukituma dola 500 umeshatupa 25 kabla riba haijaanza. Tumeni kwa akaunti ya benki kama kawaida, na hayo matumizi mengine yaingie kwenye kadi.

Njia halali za kufikia 4,000: lipa bima ya gari ya miezi sita kwa mkupuo, lipa ada ya malezi kama kituo hakiongezi ada ya kadi, na kata tiketi zenyewe kwa kadi hiyo. Miezi mitatu inahesabiwa tangu siku ulipokubaliwa, si siku kadi ilipofika kwa posta. Ada ya mwaka haihesabiwi. Ukirudisha bidhaa dukani, kiasi hicho kinatolewa, kwa hiyo ipite 4,000 kwa dola 100 au 200.

Mpangilio wa maombi pia una maana. Benki ya Chase hukataa wengi waliofungua kadi 5 au zaidi za benki yoyote ndani ya miezi 24, kwa hiyo kama mnaitaka kadi ya Chase, iombeni kabla ya nyingine. Kumwongeza mwenzako kwenye kadi yako kunaweza kuhesabika kwake vilevile. Msiongezane bila sababu. Capital One huchungulia ofisi zote tatu za taarifa za mikopo, basi usiombe kadi yao kama mnatafuta mkopo wa nyumba miezi hiyo.

Abu_Khalid_MN
Kwa wanaokwepa kadi kwa sababu ya riba: suala la mkataba muulizeni sheikh wenu. Upande wa hesabu, mkiweka malipo ya kujiendesha ya *salio lote la taarifa*, si kiwango cha chini, riba haiji. Mwezi mmoja wa kubakiza deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 24 ni dola 60, na hiyo inameza pointi zote za mwezi huo.

Bila kadi kabisa, mnabaki na maili za safari zenyewe. Flying Blue inatoa maili 4 kwa yuro kwa mwanachama wa kawaida. Nauli ya yuro 1,000 kwa mtu, watu watano, ni 20,000 kwa safari nzima, nazo kwa mwanachama wa kawaida huisha baada ya miaka 2 bila kuruka. Kwa anayekwenda kila miaka miwili huo ni ukingo wa kisu. Lakini kujiunga hakuna gharama, basi jiungeni, na unganisheni akaunti: Flying Blue inaruhusu familia ya watu 8, wazima 2 na watoto 6, Aeroplan nayo watu 8.

HesabuKwanza
Niongeze mawili, dada, ukianza.

Pointi zikishatoka benki kwenda shirika, hazirudi. Tafuta kiti kwanza, piga simu shirika wakuthibitishie kipo (tovuti za washirika huonesha viti visivyokuwepo), kisha hamisha kiasi kinachotosha tu.

Na majina. Pasipoti zetu zina majina matatu na mara nyingi la mama na la watoto la mwisho hayafanani. Kwa ajili ya kuunganisha familia si tatizo. Kwa ajili ya kupata maili ni tatizo kubwa: jina kwenye akaunti, tiketi na pasipoti lifanane, mpangilio wake pia. Herufi moja ikipungua maili haziingii. Fungua akaunti ya kila mtoto wa miaka 2 na zaidi kabla ya kukata tiketi, weka namba zao kwenye tiketi, na vipande vya kupandia ndege mvipige picha vyote vitano kwenda na kurudi. Msivitupe hadi maili zionekane. Madai ya maili zilizokosekana kwa kawaida hupokelewa ndani ya miezi 6, na watataka kuviona.