Tupeane uzoefu: chai ya viungo baridi hii mnaipikaje?

Wakuu, Njombe baridi ya Juni imeshatua. Asubuhi umande umeganda kwenye nyasi, na bila kikombe cha moto hatoki mtu ndani. Mimi ni wa chai ya rangi. Kwa sufuria: tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, naiosha na kuiponda na ganda lake, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, iliki tatu nne. Vyote naanza navyo kwenye maji baridi, nafunika, moto mdogo dakika kumi. Majani ya chai natia nikishaepua. Yakitokota muda mrefu chai inakuwa chungu, halafu lawama wanabebeshwa viungo. Haya, leteni za kwenu, na vipimo tafadhali. Msiniambie "kiasi".

Wa Limuru
Huku Julai ukungu ukishuka, jua utalisikia tu kwa majirani. Na kwetu bila maziwa hiyo si chai, ni maji ya rangi, unisamehe. Kitu kimoja: tangawizi mbichi usiitie kwenye maziwa ya uvuguvugu, yatakatika. Ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na dawa yake ni moto. Ichemshe kwanza na maji mpaka itokote sawasawa, ndipo umimine maziwa. Wauza maziwa wametukanwa sana bure kwa ajili ya tangawizi.

Wa Muheza
Nyie mnahangaika na majani ya dukani. Nyuma ya nyumba nina shina la mchaichai. Nakata majani, nayafunga fundo yasinisumbue kwenye kuchuja, nachemsha na iliki basi. Halina kafeini, kwa hiyo bibi anakunywa usiku na analala. Iliki naitwanga na maganda yake pamoja na sukari kidogo, inasagika upesi. Ya unga sinunui, harufu yake iliishia dukani.

Mpemba, niko Birmingham
Kaka wa Njombe, karafuu mbili kwa sufuria ya kiasi gani? Kama ni ya kikombe kimoja, ulimi utakufa ganzi! Na wenzangu wa ughaibuni, mdalasini nunueni gome. Ule unga ukikaa kwenye maji ya moto unakuwa mlenda chini ya kikombe.

Mwanzisha mada
Lita moja, dada. Za kikombe ningekuwa sina meno leo.

Muuguzi wa Mbeya
Chai tunywe, ila tusiandike kwamba inatibu nimonia. Inalainisha koo na kutia joto, ni jambo zuri, linatosha. Asali msimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata tone. Na jiko la mkaa mkishaivisha chai litoeni nje. Kila msimu wa baridi kuna watu wanalala nalo chumbani na hawaamki.

Wa Muheza
Asante kwa hilo la mkaa. Ila nimonia hakuna aliyeitaja hapa, mkuu.

Muuguzi wa Mbeya
Najua. Nimetangulia kabla hajaja wa vitunguu saumu.

Wa Limuru
Muheza, mchaichai na maziwa vinaenda?

Wa Muheza
Vinaenda sana. Chemsha majani kwa maji kwanza, maziwa baadaye, iliki moja. Karafuu usiweke, itaumeza mchaichai wote.