Matajiri wa malori Kusini, acheni kutufungia matairi yenye nyufa mkayaita spea!

Wakuu, salamu kwenu, hasa madereva na utingo wa njia za Mtwara na Lindi. Nimekaa kimya vya kutosha, leo mtaniwia radhi nikipandisha sauti.

Huku kwetu wenye malori wana mchezo wao. Tairi la tela likizeeka, likapata nyufa ubavuni mpaka fundi pancha mwenyewe anatikisa kichwa, halitupwi. Linavuliwa, linafungwa chini ya chasi kwa mnyororo, na kuanzia hapo ndiyo spea tairi. Ukihoji unaambiwa, "Hilo la kukusogeza tu, dereva." Kunisogeza wapi, tajiri? Kutoka Nanganga mpaka bandarini Mtwara, tela limejaa korosho, huko ndiko kusogea?

Spea haifungwi siku ya raha. Inafungwa mzigo umejaa, lami inachemka, na hakuna gereji karibu. Hebu tufanye hesabu ndogo. Lile tairi la saizi 315/80R22.5 ambalo wengi wetu tunalo, ubavuni mara nyingi limeandikwa 156/150, ndiyo namba ya mzigo. Namba ya kwanza ina maana likifungwa peke yake linabeba kilo 4,000. Ya pili, yakifungwa pacha, yaani mawili ubavu kwa ubavu, kila moja linabeba kilo 3,350. Pacha wawili ni kilo 6,700. Moja likiisha upepo njiani, mwenzake anabaki na mzigo wa wawili wakati uwezo wake peke yake ni 4,000, hapo sijataja wanaopakia kupita kiasi. Kwa hiyo unapofunga spea, unalifunga kando ya tairi ambalo limeshaumizwa. Halafu hilo jipya la kumsaidia ndilo bovu kuliko yote kwenye gari!

Msimu uliopita nilipakia Masasi. Nimepita Ndanda, tairi la nje la ekseli ya nyuma likaisha upepo. Tukaweka matawi barabarani, tukapiga jeki, utingo akashusha spea. Nikaiangalia, nikamtumia tajiri ujumbe palepale nikamwambia, bosi, hili tairi lina nyufa ukucha unaingia, nitumie jingine kutoka Masasi. Akajibu, "Funga twende, mzigo unasubiriwa." Tukafunga. Tulipopita Mtama likavua ngozi yote ya juu. Ile ngozi ikawa inachapa chini ya tela mpaka ikakata mpira wa upepo wa breki, tela likajifunga breki lenyewe tukiwa bado barabarani. Mungu saidia nyuma yangu hapakuwa na basi.

Mnadhani nilipewa pole? Niliulizwa nilikuwa natembea spidi gani. Mwisho wa mwezi nikakuta bei ya tairi imekatwa kwenye mshahara wangu. Tairi ambalo ubavuni limeandikwa 1411!

Kwa asiyezijua hizo namba: tafuta ubavuni mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka tairi lilipotoka kiwandani. 1411 ni wiki ya 14 ya mwaka 2011. 3519 ni wiki ya 35 ya 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, litafutie makumbusho. Matairi mengi yana mstari kamili upande mmoja tu, na huo ndio mara nyingi unaangalia ndani. Lala chini, ingia uvunguni, usome. Muuzaji akikwambia namba zimefutika, mwachie tairi lake.

Sasa tajiri wangu ana utetezi wake, na najua wengi wenu hapa mtaurudia: "Lile tairi halijatembea. Kashata zake ndefu." Ni kweli kashata, yaani yale meno ya tairi yanayokanyaga lami, zilikuwa ndefu. Lakini tairi la tela halifi kama la kichwa, yaani gari la mbele lenye injini. La kichwa linaisha kashata kwanza, la tela linazeeka kashata zikiwa bado zimesimama. Kwenye mpira wa tairi wanachanganya nta na dawa za kuukinga na gesi ya ozoni iliyo hewani. Tairi linapotembea linajikunja na kujikunjua, ile nta inapanda juu na kufunika ngozi. Likisimama, nta haipandi vizuri, na jua na ozoni vinapata nafasi ya kuutafuna mpira.

Tazameni matela ya huku yanavyoishi. Korosho zikianza Oktoba mpaka kwenye Januari hakuna kulala, Tandahimba, Newala, Nachingwea, Ruangwa. Baada ya hapo mengine yanaegeshwa uani miezi chungu nzima, matairi nusu upepo, jua la Mtwara upande mmoja mchana kutwa, hakuna hata gunia la kufunikia. Oktoba ikirudi, jeki, upepo, safari. Kwa hiyo hilo "halijatembea" unalonipigia kifua, tajiri, ndilo lililoliua.

Utetezi wa pili: "Mbona linashika upepo?" Linashika, ndiyo. Upepo unazuiwa na ngozi laini ya ndani ya tairi, si mpira wa nje wenye nyufa. Tairi linaweza kukaa mwezi mzima limejaa upepo huku waya zake za ndani zimeanza kuachana na mpira. Ukiweka tani juu yake na kutembea kwenye joto, ndipo linajitangaza.

Kuna jambo la Uingereza nililisoma nikakaa nikawaza. Mwaka 2012 huko Surrey basi lililobeba vijana waliotoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, likaacha njia, watu watatu wakafa. Tairi lile lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Mmoja wa waliokufa alikuwa na miaka 18, yaani tairi lilimzidi umri! Wakati huo sheria yao haikuwa na kikomo cha umri wa tairi. Mama wa kijana yule alipiga kelele miaka na miaka, mpaka kuanzia tarehe 1 Februari 2021 matairi ya zaidi ya miaka 10 yakapigwa marufuku kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi. Najua kuna tajiri atasoma hapa aseme, "Umeona, matela hawakuyataja." Sawa, hawakuyataja. Lakini Michelin, ambao kazi yao ni kuuza matairi, wanashauri tairi likifika miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama linaonekana zima, na wanasema wazi kwamba hata la spea limo humo. Mnaweza kusema ni ujanja wa biashara. Mimi niliyeona ngozi ya tairi ikiruka pembeni ya kioo changu sisemi hivyo.

Na ninyi wauza matairi ya mtumba, msijifiche. Mnayachukua matairi yaliyochoka, mnayapaka ile dawa nyeusi mpaka yanang'aa, mnayapanga barabarani, mteja akiuliza nyufa mnamwambia vumbi. Mwenye kununua aje na kitambaa na maji ya sabuni, asugue ubavu kabla hajatoa hela. Muuzaji akikasirika, jibu umeshalipata.

Siyo kwamba kila ufa ni kifo, nisije nikaonekana mchochezi. Vistari vyembamba kama unywele juu ya ngozi ya ubavu, kwenye tairi la miaka mitatu minne lililotunzwa na upepo wake, mimi ninakubali kulibeba kama spea. Lakini ukucha ukizama, au ncha ya kijiti cha kiberiti ikikaa, hapana. Angalia zaidi chini kabisa katikati ya kashata, na karibu na ringi, sehemu ambayo wengi hawaiangalii. Ufa unaozunguka tairi kama mshipi ni mbaya. Ukiona uzi au waya, au uvimbe popote pale, usilijaze hata upepo. Na tairi lililotembezwa bila upepo likivuliwa ukakuta ndani kuna unga mweusi wa mpira, limekwisha hata kama nje linameremeta. Mafundi, hilo ni la uhai wenu: ubavu wa waya uliochoka hupasuka mstari mrefu wakati mnajaza, kwa hiyo msichuchumae mbele yake na mpira wa upepo mkononi. Tumieni mpira mrefu, simameni mbali na ubavu. Matajiri wangapi wamewanunulia kizimba cha kujazia, kile cha kumkinga fundi tairi likipasuka? Kimya.

Ninachotaka ni kidogo. Nirudishiwe hela yangu iliyokatwa, kwa sababu niliripoti tairi kabla ya kulifunga na ujumbe nimeutunza kwenye simu. Na kabla ya msimu kuanza, spea ya kila tela ikaguliwe mbele ya dereva: umri, nyufa, saizi, namba ya mzigo, upepo. Ikikataliwa na dereva isifungwe. Ukitaka ifungwe kwa nguvu, tajiri, panda wewe upande wa utingo tuende wote mpaka bandarini.

NYONGEZA: Naona michango imekuwa mingi, nijibu machache.

Mkuu uliyesema madereva ndio tunaoua matairi kwa spidi na kupanda kingo: wapo, sibishi. Ila spidi haiandiki 2011 ubavuni.

Uliyeuliza kuhusu katela ka kubebea boti huko Mikindani, habari ni ileile, tena hako kanasimama zaidi kuliko kutembea. Kainue juu ya matofali kama hakatumiki, funika matairi yasipigwe jua, na kila kakitoka baharini suuza ringi kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi inakula ringi pale tairi linapokaa na upepo unaanza kuvuja taratibu.

Dada unayesema mzee wako ana tela la trekta Nachingwea na matairi yana miaka saba, kivulini, hayana ufa wa kuzama: kwa shamba na mwendo wa trekta mimi nisingeyatupa. Yasipande tu kwenye fuso kwenda Dar.

Na wewe bosi uliyeniambia niache kazi kama nimechoka, spea yako ni ya mwaka gani? Weka picha ya hizo tarakimu nne hapa. Madereva wengine pia, wekeni za kwenu, fichieni namba za gari.